Fundi wa Doha aliyechelewa kumwamini mama yake

Damaris Kwamboka amebana pini tatu kwa midomo huku akiigeuza abaya nyeusi juu ya meza. Ni saa mbili na nusu asubuhi. Nje ya kioo cha duka, katika mtaa wa Al Mansoura jijini Doha, wafanyakazi wa mkahawa jirani wanamwaga maji barazani kutuliza vumbi, na maji yanakauka kabla hawajamaliza.

Anachomeka pini ya kwanza kwenye pindo, ya pili, ya tatu. Kisha anaketi kwenye cherehani na kukanyaga pedali.

"Mwenye hii ni mfupi kuliko anavyofikiri," anasema bila kuinua macho. "Wateja wengi wako hivyo. Wananunua nguo ya mtu mrefu, halafu wanakuja kwangu."

Damaris ana umri wa miaka 51. Alizaliwa Keroka, karibu na Kisii, na ameshona nguo tangu akiwa na miaka kumi na mitatu. Doha alifika Februari 2019, baada ya mitumba kummalizia wateja nyumbani. Duka lina mafundi wanne: wanaume wawili kutoka Bangladesh, Fiona ambaye ni Mganda wa kutoka Jinja, na yeye.

Hulipwa riyali 1,900 kwa mwezi, hulala chumba kimoja na wanawake wengine watatu, na hupumzika Ijumaa pekee. Lakini hakukubali kuzungumza nasi ili aeleze ugumu wa maisha ya ughaibuni. Alisema tangu mwanzo kwamba alitaka kukiri kosa mahali ambapo watu watasoma.

Kosa lenyewe linahusu dansi ya dakika chache, iliyochezwa mwaka 1965 katika studio ya televisheni jijini Nairobi.

Mama yake, Loice Nyaboke, alikuwa na miaka kumi na saba wakati huo. Shangazi yake alikuwa amemleta mjini, akamtafutia kazi kwa fundi mmoja Mhindi pale River Road. Alipiga pasi ya makaa, alishona pindo, jioni alifagia vipande vya vitambaa.

Jirani na duka hilo palikuwa na muuza santuri aliyeweka spika mlangoni. Asubuhi alipiga rumba ya Kongo. Mchana, vijana wa shule walipoanza kupita, alibadilisha akaweka rokenroli kutoka Marekani, ile ya mwanzo mwanzo, gitaa likikimbia na ngoma ikilifukuza. Baadaye ikaja twisti. Loice alijifunza kucheza akiwa ameshika pasi.

Televisheni ilikuwa kitu kipya nchini. Kila Jumamosi jioni kulikuwa na kipindi cha vijana, ambapo wavulana wenye tai nyembamba na wasichana wenye sketi pana walicheza wawili wawili mbele ya kamera, bendi ikiwapigia papo hapo. Sketi za wasichana hao zilishonwa na yule fundi wa River Road, pamoja na gagulo za kuvaa chini yake.

"Gagulo zililowekwa kwenye maji ya sukari, ili zikikauka zisimame," Damaris anaeleza. "Kuloweka ilikuwa kazi ya mama. Alituambia sisimizi walimfuata mpaka kitandani."

Jumamosi hizo Loice alitumwa studio na nguo, sindano na uzi, awe tayari kitu kikichanika. Siku moja msichana mmoja alizidiwa na homa kipindi kikikaribia kuanza, na mvulana aliyepangwa kucheza naye akabaki peke yake. Msimamizi wa kipindi alitazama huku na huku. Akamwona msichana wa fundi amepiga magoti akimshonea mwingine kifungo, akamwambia avae sketi ya mgonjwa.

Hakupewa nafasi ya kukataa. Alicheza nyimbo tatu. Kwa haraka ile alisahau kuvua tepu ya kupimia iliyokuwa shingoni, na ikawa ikirukaruka kifuani mwake hadi mwisho.

Kipindi kilipoisha alitoka mbio barabarani hadi kwenye duka la redio lililokuwa na televisheni dirishani. Alitaka kujiona. Alidhani picha yake ingali pale inamsubiri. Alikuta wanaume wamejazana kwenye kioo wanatazama taarifa ya habari.

Wiki iliyofuata yule msichana alikuwa amepona. Loice akarudi kwenye pindo, na hakuitwa tena.

Hiyo ndiyo hadithi ambayo Damaris na ndugu zake watano walikua wakiisikia, hasa Jumapili asubuhi redio ilipopiga nyimbo za zamani. Waliicheka. Baba yao, mwalimu wa shule ya msingi ambaye sasa ni marehemu, aliwaambia kwamba mama yao anapenda kutunga.

"Baba alikuwa mtu wa vitabu. Akisema jambo, kwetu lilikuwa limeisha," anasema Damaris. "Na ile tepu ndiyo iliyonifanya nisiamini kabisa. Nilijiuliza, watu wa televisheni wanawezaje kumwacha mtu acheze na tepu shingoni?"

Desemba 2018 nyumba ya Keroka ilijaa wageni. Walikuwa wamekuja kuzungumzia mahari ya Chelsea, binti yake Damaris. Watu wa upande wa kijana walikuwa watu wa kanisa, wapole na wakimya, na Damaris alikuwa ameazima vikombe kwa majirani wawili ili asiaibike.

Baada ya chakula, mzee mmoja aliuliza kwa heshima tu Loice, bibi wa Chelsea, alifanya kazi gani ujanani. Bibi akaanza kusimulia. Alipofika kwenye dansi akainuka awaonyeshe. Alikuwa na miaka sabini. Goti lake liligonga meza ndogo, soda ikamwagika kwenye viatu vya mgeni.

"Nilimwambia, 'Mama, keti. Hayo hayakutokea. Hujawahi kuingia kwa televisheni, na kila mtu hapa anajua.' Nilisema kwa sauti, mbele ya wote."

Damaris ameondoa mguu kwenye pedali. Anakunja abaya, ingawa pindo bado halijaisha.

"Aliketi. Kisha akawageukia wageni akasema, 'Nisameheni, nilikuwa nawachekesha tu.' Tangu siku hiyo sikumsikia akiitaja tena. Hata redio ikipiga zile nyimbo, ananyamaza."

Miezi miwili baadaye Damaris alipanda ndege kuja Doha. Alikuja na deni la ajenti na sanduku lenye mkasi wake, ambao mpaka leo hamruhusu mtu mwingine kuutumia. Miaka ya kwanza ilikuwa ya kazi na kujifunza. Alijifunza kumwelewa mteja anayezungumza Kiarabu kwa kutazama mikono yake, na kupima mabega ya mtu kwa jicho kabla hajafika mezani.

Alirudi nyumbani kwa likizo mwaka 2021. Mama yake bado alikuwa na akili timamu, akilima mboga nyuma ya nyumba.

"Nilikuwa na siku thelathini za kumwomba msamaha," anasema. "Nilizimaliza kwa kujenga choo na kusimamia mabati. Kila jioni nilijiambia nitasema kesho. Halafu nikajiambia labda amesahau, kwa nini nimkumbushe."

Likizo ya pili ilikuwa mwaka 2023. Safari hiyo mama yake alimpokea mlangoni kwa furaha, akamwita kwa jina la yule shangazi aliyemlea Nairobi, na kumuuliza wangerudi mjini lini. Daktari aliwaeleza kwamba ni ugonjwa wa kusahau, kwamba dawa zingeweza kuupunguzia kasi lakini si kuurudisha nyuma. Wesley, mdogo wake Damaris anayeishi na mama, alichukua jukumu la kumtunza. Damaris akarudi Doha kwa sababu dawa zilihitaji kununuliwa.

Machi mwaka huu aliingia dukani mwanamke mzee, mwembamba, akitembea kwa mkongojo, akifuatwa na dereva aliyebeba magauni matatu. Alikuwa amepungua mwili na alitaka yapunguzwe. Fiona alikuwa akimuuliza Damaris kwa Kiswahili mkasi mkubwa uko wapi.

"Yule mama akajibu, 'Iko chini ya kitambaa,'" Damaris anakumbuka. "Tukabaki tunatazamana."

Jina lake ni Filomena Noronha, mwenye umri wa miaka 76. Ni Mgoa, mwenye asili ya Goa kule India, aliyezaliwa Pangani, Nairobi, na familia yake iliondoka Kenya mwaka 1970. Alikuwa akiishi Lusail, kaskazini mwa Doha, na mwanawe, ambaye ni mhandisi. Kiswahili chake ni kile cha Nairobi ya zamani, kisichojali ngeli, na alisema hakuwa amekizungumza na mtu kwa miaka mingi.

Baada ya hapo alikuja mara kwa mara, wakati mwingine bila nguo ya kushonwa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na feni akiwauliza bei ya sukuma wiki siku hizi, na kama miti ya zambarau bado iko kando ya barabara aliyopita kwenda shule. Damaris hakumwambia lolote kuhusu familia yake zaidi ya kwamba anatoka upande wa Kisii.

Mwishoni mwa Aprili alikuja kujaribu gauni la mwisho. Damaris aliweka tepu shingoni, akapiga magoti kumpimia pindo. Bi Filomena akamtazama kutoka juu, akaanza kucheka.

Alisema kaka yake, Ronny, alikuwa akipiga gitaa katika kipindi cha vijana cha televisheni, na yeye alikuwa akimfuata studio na kukaa kwenye benchi nyuma ya taa. Damaris anayarudia maneno yaliyofuata polepole, kama mtu anayesoma.

"'Siku moja iko msichana alicheza na tepu hapa shingoni, kama wewe. Msichana wa fundi. Ile ingine ilikuwa mgonjwa. Ronny alicheka mpaka akakosea gitaa.'"

Fiona anasema alimwona mwenzake akiketi sakafuni, akadhani sukari imeshuka, akakimbia kumletea soda. Damaris aliketi pale na pini zake mkononi. Aliuliza swali moja tu, kama yule msichana alicheza vizuri.

Bi Filomena alijibu kwamba wale wengine walikuwa wakihesabu hatua, lakini yule alikuwa akifurahi, na kwamba aliwashinda wote.

"Nilifikiria ile siku ya mahari," anasema Damaris. "Mama alikuwa anasema ukweli, na alikuwa peke yake katika nyumba ya watoto aliowazaa."

Ijumaa iliyofuata, baada ya ibada kanisani, alipanda metro hadi Lusail. Alikuwa amemwomba Bi Filomena azungumze na mama yake kwa simu ya video. Kule Keroka, Wesley alimvalisha mama sweta safi, akamkalisha karibu na dirisha na kumshikia simu.

Bi Filomena alisalimia. Akajieleza taratibu: Nairobi, studio, kaka yake na gitaa, msichana aliyeugua. Loice alisikiliza kwa adabu, mikono magotini. Bi Filomena alipomaliza kwa kusema, "Wewe ndiyo ulicheza, mama, mimi nilikuwa pale," Loice alitikisa kichwa.

"Hapana, mama," alisema. "Mimi nilikuwa nashona tu. Watoto wangu watakuambia. Mimi sijawahi kuingia kwa televisheni."

Kisha akaongeza, "Kama ni mimi nilikuambia, nisamehe. Nilikuwa nachekesha tu."

Damaris aliichukua simu. Alimwambia mama yake kwamba ni kweli, alicheza, na kwamba yeye, Damaris, ndiye aliyekosea. Alisema mara tatu au nne, hakumbuki vizuri, kwa sababu alikuwa akilia. Mama yake alimtazama, kisha akamgeukia Wesley na kumuuliza huyo mtu analilia nini. Wesley akamwambia ni Damaris.

"Mwambie nguo yake itakuwa tayari Jumatatu," alisema Loice.

Ni miezi sita sasa, na Damaris bado anayapima maneno hayo. "Sijui kama amesahau kwa ugonjwa," anasema, "au kama ugonjwa umechukua kila kitu ukaacha kile nilichomwambia mimi. Pengine bado ananitii. Hilo ndilo linaloniumiza nikiwa hapa nimeinamia nguo za watu."

Alijaribu kutafuta picha. Kupitia kwa rafiki wa Wesley alizungumza na mzee aliyewahi kufanya kazi ya utangazaji, akaambiwa kwamba vipindi vingi vya wakati ule vilikwenda hewani moja kwa moja na havikuhifadhiwa. Ronny alifariki Lisbon miaka kumi na miwili iliyopita. Picha za bendi alizoacha hazikuonyesha wachezaji.

Septemba, mkataba wa mwanawe Bi Filomena uliisha na familia ikahamia Goa. Siku ya kuaga alikuja dukani, akakaa kwenye kiti chake karibu na feni, na Damaris akamrekodi kwa simu. Ni sauti ya dakika nne. Inaanza kwa kikohozi, na katikati inasikika pikipiki ya mtu wa kupeleka chakula ikipita nje.

Damaris aliituma kwenye kundi la WhatsApp la familia. Ndugu mmoja alijibu kwa alama ya dole gumba. Mwingine aliandika "Amina." Wa tatu aliuliza, hata kama ni kweli, sasa itawasaidia nini.

Wesley, aliyezungumza nasi kwa simu kutoka Keroka, anasema anaamini kile mama wa Kigoa alichosema, lakini hataki jambo hilo liendelezwe.

"Siku ile baada ya simu, mama alikosa raha mpaka jioni. Aliniuliza mara nyingi kama kuna watu amewakosea," anasema. "Damaris ni dada yangu, namheshimu. Lakini yeye anatafuta kupumzisha moyo wake. Mimi ndiye ninayebaki na mama simu ikikatika."

Tulipomfikishia Damaris maneno hayo hakuyapinga. Alimalizia lile pindo, akakata uzi kwa meno. Alisema mdogo wake ana haki, na kwamba ndiyo sababu ameona jambo hili haliwezi kufanywa kwa simu.

Mwezi uliopita alimpa mwajiri notisi. Siku yake ya mwisho kazini ni Novemba 28. Anarudi Keroka moja kwa moja, si likizo. Wenzake chumbani walimwambia anakosea, kwamba akiwa na miaka 51 hatapata tena viza ya kazi kama hii, naye anakubali kwamba huenda wako sahihi. Chelsea, ambaye sasa ana watoto wawili na anaishi Nakuru, ameahidi kuja kukaa nao wiki ya kwanza.

Mpango wake ni kuweka cherehani katika chumba cha mama yake, mahali penye mwanga, ashone sare za shule huku akimtazama, ili Wesley apate kwenda shambani bila wasiwasi. Hatamwonyesha mama simu wala kumsikilizisha sauti ya mtu asiyemjua. Atamwambia mwenyewe.

Tunamuuliza atafanya nini mama akikataa tena.

"Atakataa," anasema Damaris. "Yeye alinisimulia kwa miaka zaidi ya thelathini na mimi nikakataa, na hakuacha kunipikia. Nitamwambia asubuhi, akiwa ametulia. Kwamba siku moja alicheza, watu wakamtazama, na alicheza vizuri. Akisema si kweli, sitabishana naye. Nitamwacha anywe chai. Kesho yake nitamwambia tena."